Mashine Mbili na Redio ya Papa Ilunga

Vijana wangu, juzi mlinifanya nicheke peke yangu. Mlikuwa mmekaa kwenye kibaraza chetu hapa mtaani Kamalondo, simu mbili mikononi, mnabishana prosesa ya nani ina mbio zaidi. Mmoja anasoma namba za kwenye boksi, mwingine anasoma namba za kwenye mtandao, na hakuna hata mmoja aliyezipa simu hizo kazi yoyote ya kufanya. Nikasema moyoni, hawa wangeangukia mikononi mwa Papa Ilunga wangekoma.

Ninyi mnaniona bibi wa kitenge na tasbihi, mnadhani nilizaliwa nikipima sukari dukani. Nilikuwa opereta wa kompyuta katika kampuni ya shaba ya serikali, enzi za Zaire. Na niliwahi kupima prosesa mbili kwa hofu kubwa, kwa sababu majibu yake ndiyo yangeamua kama Papa Ilunga atarudi kwa mkewe au hatarudi. Mimi ni mwoga, nawaambia mapema ili msinitegemee ushujaa. Hata leo mtu akibisha mlango kwa nguvu nasimama kwanza kabla sijauliza ni nani.

Kompyuta yetu ilijaza ukumbi mzima katikati ya mji. Makabati ya chuma yamepangwa ukutani, mashine ya kusoma kadi pembeni, tepi zinazunguka, na mashine ya kuchapa inayopiga kelele kiasi kwamba tulizoea kusemezana kwa mikono. Hiyo mnayoiita prosesa sisi tuliiita kichwa, na kichwa peke yake kilikuwa kabati lenye urefu kupita mimi. Ndani ilikuwa baridi ya viyoyozi, tukivaa sweta huku nje watu wanajipepea. Mama yangu alidhani nina homa isiyopona.

Niliingia pale kama mtoboa kadi. Tulikuwa wanawake safu nzima, tunapiga vidole kutwa, kila kadi inatoka na matundu yake, na matundu hayo ndiyo maandishi ambayo mashine iliyasoma. Wiki ya kwanza nilibeba sanduku la kadi zilizopangwa, nikateleza mlangoni, kadi zote chini. Nilibaki nimesimama kama mtu aliyevunja vyombo ukweni. Papa Ilunga, mkuu wa maopereta, alitoka, akatazama, akainama kuokota na mimi. Kisha akanionyesha kitu ambacho hakuna shule iliyonifundisha: kadi zikiwa zimepangwa vizuri, piga mstari mmoja wa kalamu kwa mshazari juu ya bunda lote. Siku zikianguka, unazirudisha mpaka mstari uungane tena. Alinifundisha pia kwamba msimu wa mvua kadi hunyonya unyevu, zinavimba na kukwama, kwa hiyo uzilaze usiku kucha nyuma ya mashine kwenye joto lake. Mambo madogo, lakini ndiyo yaliyotulisha.

Alikuwa Muluba kwa kabila, mrefu, mkimya, asiyejua kucheza. Hilo la kucheza lilikuwa tatizo, maana asubuhi fulani tulipangwa uani kuimba na kucheza nyimbo za chama tawala kabla ya kazi, na yeye alirusha mikono kama anafukuza nyuki. Sisi tuliuma midomo tusicheke. Kucheka pale haikuwa salama.

Sasa nifike kwenye redio. Papa Ilunga alikuwa na redio ndogo ya betri, na aliiweka juu ya kabati la kichwa cha mashine. Haikuwa ya muziki. Aliizungusha mpaka mahali pasipo na stesheni, pale inapovuma tu. Halafu mashine ikianza kazi, redio inaanza kulia. Umeme unaokimbia ndani ya kichwa ulikuwa unavuja hewani, na redio inaunasa. Kila programu ilikuwa na mlio wake. Ile ya vipuri vya karakana ilikwaruza na kunyamaza, ikakwaruza na kunyamaza. Hesabu za mainjinia wa mgodi zililia mfululizo zikipanda na kushuka. Na programu ikipotea njia, ikawa inazunguka palepale bila kumaliza, redio ilitoa mlio mmoja tu usiobadilika.

Siku moja, nimeshapandishwa kuwa opereta, alikuwa koridoni na kikombe chake cha chai, mimi ndani natazama taa za mashine na kuona mambo ni mazuri. Akapaza sauti kutoka kule kule:

"Zaina! Katisha! Inazunguka paka fasi moya!"

Nikakatisha. Alikuwa sahihi. Alipoingia aliniambia, "We mutoto wa fundi wa manguo, baba yako anasikiaka sindano mbele ya kuvunjika. Na weye usikie vile."

Basi kampuni ikanunua mashine mpya. Ililetwa kwa shangwe, ikasimamishwa ukumbini humo humo karibu na ya zamani, ili zipimwe kabla ya ile kuukuu kuzimwa. Walioiuza walileta fundi wao Mzungu, mtu mpole mwenye mikono misafi sana, na programu yao ya kupimia. Kwa programu hiyo mashine mpya ilifanya maajabu. Wakubwa walipiga makofi. Papa Ilunga hakupiga.

"Ile programu, balitengeneza bo benyewe," alinong'ona. "Itabashinda namna gani? Lete kazi ya shiye."

Hilo ndilo somo la kwanza, mlishike. Usipime kitu kwa kazi ya anayekiuza. Tukaweka kazi yetu wenyewe ya vipuri, yenye kadi nyingi. Mashine mpya ikamaliza karibu sawasawa na ya zamani, na wakubwa wakanuna. Injinia wetu, citoyen Mwamba, yaani mwananchi, ndivyo serikali ilivyotaka tuitane, kijana aliyesomea Ulaya, akatueleza kwa upole: kichwa kipya kinamaliza upesi, halafu kinakaa kusubiri kadi inayofuata, na mashine ya kusoma kadi ni ile ile. Nilielewa mara moja. Baba yangu alikuwa na cherehani kali hapa Kamalondo, lakini mkata vitambaa wake alikuwa mzee mwenye mikono inayotetemeka, na siku nzima cherehani ilikuwa inamngoja mzee. Tukaweka kazi ya mainjinia wa mgodi, yenye kadi chache na hesabu nyingi. Hapo mashine mpya iliikimbia ya zamani mbali kabisa.

Papa Ilunga alitaka pia aisikilize mpya. Yule fundi alikataa, hakutaka hata kikombe juu ya kabati lake. Milango ya kabati ilifungwa kwa waya wenye muhuri wa madini ya risasi, na mkataba ulisema mpaka mashine ikubaliwe, asiyetumwa na wauzaji asiuguse. Atakayeukata, kazi hana.

Halafu vita vikaingia upande wa Kolwezi.

Sijui niwaelezeje siku zile. Mji ulikuwa unakwenda kazini na kurudi, maduka yamefunguliwa, lakini watu walikuwa wakiongea huku wanatazama nyuma. Ilisemwa kwamba waasi waliovuka mpaka wana watu wao mjini wanaowapelekea habari. Jirani akinunua betri mbili za redio, watu walitazamana. Fundi Mzungu alipanda ndege akaenda zake. Askari wakawekwa kwenye ngazi za jengo letu, na mtu wa usalama akaanza kupita ofisi kwa ofisi. Alivaa abakosti ya kijivu, ile suti ya enzi zile isiyo na tai, alikuwa na sauti ya chini, na alipokusalimu hakuachia mkono wako upesi.

Asubuhi moja alipita koridoni wakati mashine ya zamani inafanya hesabu za mgodi. Akasimama. Redio ilikuwa inalia ule mlio wa mfululizo, kupanda na kushuka. Akaingia. Akaisikiliza muda mrefu.

"Hii iko stesheni gani?"

"Hapana stesheni, citoyen," Papa Ilunga akajibu. "Ni mashini."

"Mashini inasema na nani?"

Papa Ilunga alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Neno kodi, kwa maana ya maandishi ya fumbo, lilimtoka. Maneno programu ya siri ya hesabu yalimtoka. Mtu wa abakosti aliitikia kwa kichwa kila mara kama mwalimu anayeridhika. Wakamchukua yeye na redio yake. Alipopita mbele yangu alisema tu, "Angalia tepi ya tatu, inachoka," na nikatazama tepi ya tatu kwa sababu sikuthubutu kumtazama yeye.

Baada ya hapo nilijua upweke. Wenzangu wa kutoboa kadi waliacha kunisogelea wakati wa chai. Baba alifunga duka mapema, akaniambia niseme naumwa nibaki nyumbani. Lakini nisingeenda, si ndiyo wangesema nimekimbia? Nilikwenda. Kila asubuhi nilimkuta Mama Kapinga, mke wa Papa Ilunga, amesimama getini na chungu cha bukari, ugali wetu, kimefungwa kwenye kitambaa, anauliza kila anayepita ampelekee wapi. Hakuna aliyejua gereza lenyewe. Kila jioni chungu kilirudi kama kilivyokuja. Niliogopa kumpita na niliogopa kutompita.

Kisha yule mtu akarudi. Safari hii alikuja na redio imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani mbele yangu na Injinia Mwamba, akaketi.

"Ilunga anasema hii kintu inasikia mashini. Miye minasema inasikia bantu. Nani anadanganya?"

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Leka nikuonyeshe, citoyen." Mpaka leo sijui nani alinituma.

Niliweka kwenye mashine ya zamani programu fupi ya majaribio, inayozunguka palepale makusudi. Nikaweka redio juu ya kabati. Ikalia mlio mnene, mmoja, thabiti. Nikasimamisha programu, redio ikanyamaza ikabaki kuvuma. Nikaanzisha, ikalia. Nikasimamisha. Nilimtazama nikitegemea ameelewa. Alikuwa anatazama kidole changu.

"We njo unapiga sinyali. Na kidole."

Kumbe kwake mimi ndiye niliyekuwa napiga. Ni kweli, kwa mtu asiyejua, ningeweza kuwa napiga simu ya upepo mbele ya macho yake.

"Kama mashini yote inalia," akasema, akanyoosha kidevu kuelekea mashine mpya, "ile nayo ilie. Ile hamuyaizoea bado. Tuone."

Nikafurahi, ninyi. Nilisema, haya, tumepona. Injinia Mwamba akaandaa programu ile ile, mzunguko ule ule, kwenye mashine mpya. Nikapandisha redio juu ya kabati. Taa zikawaka, kazi ikaanza.

Kimya.

Redio ilivuma tu. Niliisogeza kushoto, niliisogeza kulia, nilizungusha kitufe, ikaingia stesheni ya muziki, nikairudisha haraka. Kimya. Mtu wa abakosti alitoa kalamu mfukoni. Nilitaka kukojoa, nawaambieni bila aibu. Nilimwona moyoni Papa Ilunga mahali nisipopajua, na mimi nimemchimbia shimo zaidi kwa mikono yangu.

Injinia Mwamba alinisogelea. Akaniambia chini chini, "Zaina, ni milango. Hii kabati imefungwa vizuri kuliko ile. Chuma inazuia. Tukifungua itasikika."

"Basi fungua, Injinia!"

"Na muhuri?"

Tulitazamana. Alikuwa na mke aliyejifungua mwezi ule, nyumba ya kampuni, gari la kampuni. Mimi nilikuwa na sweta. Ni rahisi kumwambia mtu mwingine afungue. Nilifikiria chungu cha Mama Kapinga. Yeye alisimama pale na mikono mfukoni, kisha akatoa koleo dogo kwenye mfuko wa shati, akaukata ule waya. Akafungua milango miwili kwa pamoja. Hewa ya moto ikatupiga usoni.

Redio ikapiga kelele.

Ulikuwa mlio ule ule mmoja, usiotetereka, lakini juu, mwembamba, kama wimbo wa baba ulioimbwa na mtoto. Injinia akaifunga milango, mlio ukafifia. Akaifungua, ukarudi. Mikono yangu nilikuwa nimeinyanyua juu ili mtu yule aone vidole havijagusa chochote.

"Juu ya nini hii inalia yulu?" akauliza mtu wa abakosti, kidole kikionyesha juu.

"Kwa sababu ina mbio, citoyen," Injinia akajibu. "Kazi ni ile ile, hatua ni zile zile. Hii inazirudia mara nyingi zaidi, basi sauti inapanda. Ukitaka kujua ipi inashinda, sikiliza tu."

Nimesoma baadaye majarida ya watu wa kompyuta, na sijaona mahali prosesa mbili zilipolinganishwa wazi namna ile. Lakini mtu wa abakosti hakuja kwa ajili ya sayansi. Alifikiri, kisha akasema pole pole:

"Kwa hiyo si radio. Mashini yenyewe njo inasema inje. Kila mutu mwenye radio anaweza kuisikia. Hata ku Sakania, ku mupaka. Hata ng'ambo, ku Zambia."

Injinia alifumba macho. Tulikuwa tumemtoa Papa Ilunga shimoni na kuitumbukiza kampuni nzima. Mimi nikainyakua redio bila kuomba ruhusa, nikatembea nayo kuelekea mlangoni. Hatua chache tu mlio ukapungua. Koridoni ulikuwa mnong'ono. Nilipofika kwenye ngazi, pale askari walipokuwa wameketi, hapakuwa na kitu ila mvumo.

"Citoyen, haifike hata ku ngazi!" nikapiga kelele. "Itafika namna gani Sakania?"

Askari mmoja akacheka. Namshukuru mpaka leo askari yule, maana mtu wa abakosti naye akacheka, kidogo, kwa pua. Alikuja akaichukua redio mkononi mwangu, akaisikiliza mwenyewe pale ngazini, akarudi ndani, akatoka tena, kama mtoto na kitu kipya. Kisha akaifunga kwenye gazeti lake na kushuka nayo bila kuaga. Milango ya mashine ilikuwa bado wazi na taa ya tahadhari ya joto imeanza kuwaka na kuzimika. Injinia Mwamba alikimbia kuifunga, halafu akaketi sakafuni na koleo lake mkononi. Kuhusu muhuri, wauzaji walileta maneno makali, lakini vita vilikuwa vimewachanganya nao, na jambo likaisha kwa karipio.

Papa Ilunga alirudi. Hakuna aliyekuja kutangaza. Niliingia asubuhi moja nikamkuta kwenye kiti chake, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, amekonda, anatazama taa za mashine. Nililia wazi wazi mbele ya watu wote. Aliniacha nilie. Nilipopata sauti nilianza kumweleza kila kitu kwa haraka: mashine mpya ilivyonyamaza, milango, koleo, ngazi, Sakania. Hakugeuka. Nikadhani amekasirika kwamba tuligusa muhuri. Nikarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

Ndipo akageuza mwili wote, taratibu, akagusa sikio lake la kulia, kisha la kushoto.

"Zungukia huku, mwana. Kule hakuna tena muntu."

Nikazunguka. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo hatukuzungumzia walichomfanyia kule.

"Radio walibakia nayo," nikamwambia.

"Minayua." Akageukia mashine mpya. "Sasa niambie. Hii ya mupya, inalia namna gani?"

Ukumbi ulikuwa na kelele ya mashine ya kuchapa, na watu walikuwa wanatutazama. Niliinama mpaka kwenye sikio lake la kushoto, nikamwigia mlio wa mashine ya zamani kwanza, ule mnene, mpaka pumzi ikaniishia. Kisha nikamwigia wa mashine mpya, juu, mwembamba, kadiri koo langu lilivyoweza. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

"Iko mbiyo," akasema. "Andika ku ripoti."